Mkia wa Gilotini, Kichwa cha Star Wars

Tarehe 25 Mei 1977 filamu ya Star Wars ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani. Tarehe 10 Septemba ya mwaka huohuo, ndani ya gereza la Baumettes mjini Marseille, dola ya Ufaransa ilimkata kichwa Hamida Djandoubi kwa gilotini. Ukihesabu siku zilizo katikati utapata 108. Mashine tunayoijua kutoka vitabu vya Mapinduzi ya Ufaransa, ileile iliyomuua Mfalme Louis wa 16, ilikuwa ingali kazini wakati watu wakipanga foleni kutazama vyombo vya angani vikirushiana miale.

Anayelisikia jambo hili mara ya kwanza huwa hasadiki. Huenda akalihakiki, na tarehe zinamkalia palepale. Hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba gilotini iliachwa mwaka 1800. Ukuta kati ya zama hizo mbili aliujenga mwenyewe kichwani, bila kujua kwamba anajenga. Kila mshangao wa namna hii unaonyesha ulipo ukuta mmoja. Kuusaka kuna ufundi wake: ipo njia ya kupata jozi nzuri za tarehe, ipo njia ya kuzihesabu, na yapo makosa yanayojirudia ambayo yameziharibu jozi nyingi zinazosambaa kwenye simu zetu.

Ufundi huo unaanza na kichwa na mkia. Kila kitu maarufu, kiwe mtu, kampuni, mashine au desturi, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kumbukumbu ya watu haibebi umri wote huo. Hubeba kipande kimoja chenye picha kali, na kilichobaki hudondoka. Gilotini ilitumika kwa mara ya kwanza tarehe 25 Aprili 1792, hivyo ilifanya kazi kwa miaka 185, lakini sisi tumebaki na miwili au mitatu ya mwanzo. Mkia wake wote, unaopita katikati ya reli, redio, vita viwili vya dunia na televisheni, hauna picha. Basi anayetafuta jozi nzuri atafute kitu ambacho watu wamekijua kwa kichwa na kukisahau mkia, halafu akiweke ubavuni mwa kitu kingine ambacho kichwa chake hakuna asiyekijua. Pale mkia wa kwanza unapopishana mlangoni na kichwa cha pili, ndipo watu wanapokunja uso.

Charlie Chaplin ni mfano usiochuja. Picha aliyotuachia ni ya filamu bubu: kofia, fimbo, mwendo wa bata. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, siku 16 baada ya Mnara wa Eiffel kuzinduliwa. Alifariki Desemba 25, 1977, miezi saba kamili baada ya Star Wars kutoka, na wakati huo vyombo viwili vya Voyager vilikwisha ondoka duniani kuelekea sayari za mbali, cha pili tarehe 20 Agosti na cha kwanza tarehe 5 Septemba. Maisha ya mtu mmoja, na hakuna hata tarehe moja hapo iliyolazimishwa.

Kuna vitu vingine ambavyo mambo yake ni kinyume: watu wanakijua kipande cha karibuni, kichwa hawakijui. Nintendo ilianzishwa Kyoto tarehe 23 Septemba 1889, miezi mitano baada ya Chaplin kuzaliwa. Juni ya mwaka huo Van Gogh alikuwa amechora ile picha yake ya usiku wenye nyota. Jozi hiyo ni ya kweli, ila inahitaji neno moja la uaminifu: Nintendo ya wakati ule ilitengeneza karata za hanafuda. Mchezo wa Donkey Kong ulikuja 1981, na Famicom, mashine yake ya kuchezea michezo ya video, ikatoka Japani tarehe 15 Julai 1983. Anayesema kwamba Nintendo iliishi zama za Van Gogh bila kutaja karata amesema kweli, lakini ameacha msikilizaji aone kitu ambacho hakikuwapo.

Disney haina tatizo hilo, kwani ilianza kama studio ya katuni na katuni ndizo zilizoipa jina. Ndugu wawili, Walt na Roy, waliianzisha tarehe 16 Oktoba 1923. Siku 13 baadaye, tarehe 29 Oktoba, Uturuki ilitangazwa kuwa jamhuri. Na ukhalifa wa nasaba ya Uthmaniya ulifutwa tarehe 3 Machi 1924. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miezi minne studio ya Disney na khalifa wa Istanbul, Abdülmecid wa Pili, walikuwapo duniani kwa pamoja. Kwangu jozi hii ni bora kuliko ile ya piramidi na Cleopatra inayorudiwa kila siku, kwamba malkia huyo yuko karibu zaidi na watu kutua mwezini kuliko na kujengwa kwa piramidi kuu, kwa sababu inahitaji tarehe tatu tu, na zote tatu ziko kwenye kumbukumbu za sheria au za biashara, siku kwa siku.

Njia nyingine ya kuwinda ni kuchagua mwaka mmoja na kuupanga siku kwa siku. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana mwaka ukiupanga hivyo unaacha kuwa namba na unakuwa barabara yenye watu. Chukua 1973.

Tarehe 3 Aprili, kwenye barabara ya New York, mhandisi Martin Cooper wa Motorola alipiga simu kwa kifaa cha mkononi chenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Hiyo ndiyo simu ya kwanza ya hadhara iliyopigwa kwa simu ya mkononi. Kesho yake, tarehe 4, katika jiji hilohilo, yakazinduliwa majengo pacha ya World Trade Center. Tarehe 8 Aprili, huko Mougins kusini mwa Ufaransa, Pablo Picasso akafariki akiwa na miaka 91. Picasso, ambaye ile picha yake ya wanawake watano iliyozua kelele ni ya 1907, aliishi siku tano katika dunia yenye simu ya mkononi. Alikuwa hai pia wakati Pink Floyd walipotoa The Dark Side of the Moon, tarehe 1 Machi.

Endelea na mwaka. Tarehe 20 Julai Bruce Lee akafariki Hong Kong akiwa na miaka 32. Tarehe 11 Agosti, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, kijana wa miaka 18 aitwaye DJ Kool Herc akapiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, sherehe ambayo leo inahesabiwa kuwa kuzaliwa kwa hip hop. Tarehe 19 Agosti Enter the Dragon ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles, nyota wake akiwa kaburini. Ziweke pamoja: siku 30 zilitenganisha kifo cha Bruce Lee na filamu iliyompa dunia nzima, na ndani ya siku hizo 30 hip hop ikapata tarehe yake ya kuzaliwa. Baada ya hapo haishangazi tena kwamba kundi la Wu-Tang Clan lilipotoa albamu yake ya kwanza, tarehe 9 Novemba 1993, lilijaza ndani yake sauti zilizokatwa kutoka filamu za kung fu. Watoto waliokulia New York vitu hivyo viwili waliviona chanjari. Sisi tuliofika baadaye ndio tuliovipanga kwenye makabati mawili.

Makabati haya yanatoka wapi? La kwanza ni rangi. Jicho limefundishwa kwamba picha isiyo na rangi ni ya kale na yenye rangi ni ya juzi, na fundisho hilo ni la uongo mara nyingi mno. The Wizard of Oz ilitoka Agosti 1939 ikiwa na rangi zinazong'aa mpaka leo. Hotuba ya Martin Luther King mjini Washington ilitolewa tarehe 28 Agosti 1963, miaka 24 baadaye, na karibu kila anayeionyesha huonyesha picha nyeusi na nyeupe, ingawa za rangi za siku ile zipo. Matokeo yake King anasogezwa nyuma kuliko alivyo. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1929, Anne Frank tarehe 12 Juni mwaka huohuo. Hapo hata aliyesoma historia husita kidogo, kwa sababu mmoja amekwama kichwani mwetu akiwa msichana wa miaka 15 na mwingine akiwa mtu mzima jukwaani. Kifo cha mapema hugandisha umri. Marilyn Monroe na Malkia Elizabeth wa Pili walizaliwa mwaka mmoja, 1926, wakiachana siku 41 tu. Mmoja aliondoka 1962, mwingine 2022.

Kabati la pili ni kuhesabu historia kwa miongo na karne badala ya kuihesabu kwa watu. Muongo wa miaka hukatika tarehe 31 Desemba, mtu hakatiki. Samuel Seymour alikuwa na miaka mitano alipopelekwa kwenye ukumbi wa Ford mjini Washington tarehe 14 Aprili 1865, usiku ambao Rais Lincoln alipigwa risasi. Tarehe 9 Februari 1956 mzee huyo aliketi mbele ya kamera katika kipindi cha televisheni cha I've Got a Secret, na siri yake ilikuwa hiyo. Alifariki Aprili 12 ya mwaka huo. Wimbo wa Elvis Presley, Heartbreak Hotel, ulikuwa umetoka tarehe 27 Januari. Shahidi wa kuuawa kwa Lincoln na Elvis akiwa njiani kuwa mfalme wa redio: miezi miwili na nusu walikaa katika dunia moja.

Sasa makosa, na hapa naomba subira, kwa sababu hapa ndipo jozi nyingi zinapofia.

La kwanza ni nchi. Filamu za zamani hazikutoka siku moja duniani kote. Star Wars ilifika Ufaransa Oktoba 1977. Kwa hiyo mkazi wa Marseille aliishuhudia nchi yake ikitumia gilotini kwanza, kisha akaiona filamu. Jozi haijaharibika, ila lazima useme kwamba tarehe ya Mei ni ya Marekani. Ukiandika tu kwamba filamu ilikuwa imetoka, Mfaransa atakukosoa na atakuwa na haki.

La pili ni kuchanganya kuwapo na kutumika. Umewahi kuletewa ule usemi kwamba samurai wa Japani angeweza kumtumia Lincoln faksi. Msingi wake ni hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ambayo Alexander Bain aliipata 1843 kwa mashine ya namna ya faksi, na ni kweli kwamba Lincoln na samurai waliishi wakati mmoja. Lakini hataza ni karatasi tu. Ili ujumbe wa umeme uvuke lazima pawe na waya, na kebo iliyovuka Bahari ya Pasifiki ilikamilika 1902. Lincoln alikwisha kufa miaka 37. Hata Atlantiki ilikuwa tatizo: kebo ya 1858 ilikufa baada ya wiki chache, na iliyodumu ni ya 1866. Jozi hii mimi ningeiacha. Mshangao wake umejengwa juu ya neno "angeweza", na hakuweza.

La tatu linafanana nalo lakini ni jembamba zaidi: kitu kutokea na kitu kujulikana. Kondoo Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996. Rapa Tupac Shakur alifariki Septemba 13 ya mwaka huo. Basi Tupac aliishi katika dunia yenye kondoo aliyetokana na seli ya kondoo mwingine, lakini habari hizo zilitangazwa tarehe 22 Februari 1997, hivyo yeye hakuzisikia. Rapa mpinzani wake, Notorious B.I.G., aliuawa tarehe 9 Machi 1997, siku 15 baada ya tangazo. Tofauti hii ukiitunza jozi inakuwa tamu zaidi, maana inawagawa wapinzani wawili pande mbili za habari moja. Na ukitaka nyingine juu ya hao wawili, iliyo rahisi: Google iliandikishwa kuwa kampuni Septemba 1998. Hakuna kati yao aliyewahi kuitumia.

Kuna suala la kalenda. Shakespeare na Cervantes huandikwa kwamba walifariki tarehe 23 Aprili 1616. Hispania ilikuwa imehamia kalenda ya Gregori, Uingereza ilikuwa bado kwenye ya Julius, na tofauti wakati huo ilikuwa siku kumi. Tarehe ni moja, siku ni mbili. Isitoshe, Cervantes alifariki tarehe 22 na 23 ni ya mazishi. Anayevuka mwaka 1 naye akumbuke kwamba hakuna mwaka 0: kutoka 69 K.K. alipozaliwa Cleopatra hadi 1969 watu walipotua mwezini ni miaka 2037, si 2038.

Mwisho wa makosa ni vitu ambavyo havina siku ya kuzaliwa. Hip hop nimeipa tarehe hapo juu kwa sababu wenyewe wameikubali, lakini aina ya muziki haizaliwi usiku mmoja. Albamu ina siku yake, kituo cha televisheni kina siku yake. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, MTV ikaanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti: siku 82, na hakuna wa kubisha. Ukiwa na hiari, chagua vitu vya namna hiyo.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ndogo ukizingatia mambo mawili matatu. Andika tarehe kamili kwanza, siku, mwezi na mwaka; miaka mitupu hukosea kwa karibu mwaka mzima. Amua mapema kama siku ya kwanza unaihesabu au huihesabu, na usibadilishe katikati. Mimi siihesabu, ndiyo maana Star Wars na gilotini vimetoa 108 badala ya 109. Ukitumia Excel, toa tarehe moja kwenye nyingine na itakupa siku, lakini haitambui tarehe za kabla ya 1900, na katika mfumo wake wa kawaida inauchukulia mwaka 1900 kuwa mrefu, wa siku 366, ilhali haukuwa. Kwa Chaplin na Nintendo utahesabu kwa mkono.

Ipo hesabu moja zaidi ambayo inafanya kazi kwa kila mtu, na haimhitaji gilotini wala khalifa. Naiita hesabu ya kioo. Chukua kitu unachokiona cha juzi, kiweke katikati kama kioo, halafu uliza: umbali wa kurudi nyuma hadi tukio fulani la kale, ukiupeleka mbele, unaangukia mwaka gani? Fomula yake ni mwaka wa kati mara mbili, toa mwaka wa kale. Filamu ya Titanic ni ya 1997, meli ilizama 1912, basi kioo kinaangukia 2082, hapo hatujafika. Lakini albamu ya Thriller ya Michael Jackson ilitoka mwishoni mwa Novemba 1982, na Vita Kuu ya Pili vilimalizika rasmi tarehe 2 Septemba 1945. Kioo kiliangukia mwishoni mwa Februari 2020. Toka hapo Thriller iko karibu zaidi na vita kuliko ilivyo karibu nasi.

Back to the Future ilitegemea hesabu hii kwa watazamaji wake: kijana wa 1985 anarudishwa 1955, miaka 30, na kila kitu kinaonekana cha ajabu. Kijana wa 2025 angerudishwa 1995, mwaka wa Toy Story. Siku ya usoni ambayo filamu ya pili iliipeleka hadithi, tarehe 21 Oktoba 2015, tumeshaipita zamani.

Jozi inayonigusa kuliko zote katika kundi hili ni ya The Lion King. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 15 Juni 1994, siku 36 baada ya Nelson Mandela kuapishwa. Watu walikuwa wametua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Kati ya mwezi na Simba kuna siku 9,096. Ongeza siku hizohizo mbele ya Simba utaangukia tarehe 11 Mei 2019. Filamu ilipotengenezwa upya na kutolewa Julai 19 ya mwaka huo, siku moja kabla ya kutimia miaka 50 ya mwezini, ile ya awali ilikuwa imeshavuka kioo kwa zaidi ya miezi miwili. Waliowapeleka watoto wao kutazama mpya walikuwa mbali na Simba wao wa utotoni kuliko Simba huyo alivyokuwa mbali na Armstrong.

Ya The Matrix bado inakuja. Ilitoka Marekani tarehe 31 Machi 1999. Kutoka kutua mwezini hadi hapo ni miaka 29, miezi minane na siku 11, na ukiongeza kwa miezi utapata tarehe 11 Desemba 2028. Ukihesabu kwa siku, 10,846, miaka mirefu ikiwa imeingizwa, utapata tarehe 9 Desemba 2028. Ya siku ndiyo sahihi. Itakuwa Jumamosi.